Wamarekani wa Nachingwea

Mwaka juzi nilikwenda Nachingwea kwenye harusi ya binti wa shangazi yangu, nikafuatana na mwanangu ambaye hakuwahi kufika huko. Kesho yake asubuhi tulikwenda sokoni kutafuta mbaazi za kuondoka nazo. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza korosho alinitazama, akanitazama tena, akaweka chini kopo lake la kupimia, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye nyanya za jirani yake, "Wewe si mtoto wa Mmarekani, wewe?"

Nikacheka, nikamshika mikono yote miwili, nikamwamkia. Tukaulizana habari za walio hai na waliotangulia. Mwanangu alisimama kando, ameshika mfuko. Tulipotoka pale ndipo akaniuliza, "Mama, kwani babu alikuwa Mmarekani?"

Baba yangu alikuwa Mmwera wa Nachingwea, hakupata kupanda ndege, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Lindi, kwenda hospitali. Lakini yule mama naye hakukosea. Mtoto nikamjibu kwa mkato, akaridhika nusu. Wewe nitakusimulia yote, rafiki yangu, maana hata mimi mwenyewe mambo haya yamenichanganya tangu nikiwa na meno ya utoto, na labda nikiyapanga mbele ya mtu yatakaa sawa.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nachingwea ya wakati ule unaijua: barabara zilizonyooka utadhani zinakwenda mji mkubwa, nyumba za zamani za Waingereza wa skimu ya karanga zenye mabati yaliyoshika kutu, na lile tuta la reli lisilo na reli ambalo sisi watoto tulichungia mbuzi juu yake. Msimu wa korosho mji mzima ulinuka mabibo yaliyochacha, harufu tamu na kali kwa pamoja, na nzi walilewa wakawa hawaruki vizuri.

Baba alikuwa karani wa kupima korosho katika chama cha msingi. Hiyo ilikuwa kazi ya mchana. Jioni alikuwa mwimbaji. Mdogo wake, ambaye kwangu ni baba mdogo, alipiga gitaa, na seremala jirani yetu alipiga ngoma alizozichonga mwenyewe na kuziwamba ngozi ya mbuzi. Walikuwapo wengine wa kuja na kuondoka, lakini bendi ilikuwa ni hawa watatu, na kwa jinsi nilivyoambiwa, hapakuwa na bendi nyingine ya rege kutoka Masasi mpaka Ruangwa.

Rege yenyewe waliipata kwenye kaseti. Kulikuwa na Mmarekani aliyekuja kufundisha hisabati sekondari, kijana mrefu mwenye masikio mekundu, akapatana na baba kwa sababu wote wawili walipenda kukaa kimya wakinywa chai. Siku alipoondoka kurudi kwao alimwachia baba kaseti moja isiyo na picha. Alimweleza kwamba waliomo ndani ni vijana wa mji aliozaliwa yeye, Wamarekani, na kwamba walianza kupiga rege wakati kwao hakuna Mmarekani aliyethubutu. Watu waliwacheka. Waliambiwa warudi kwao Jamaika, nao wakajibu kwamba kwao ni mtaa wa pili tu kutoka hapo. Walizunguka na basi bovu lililokuwa la wanafunzi, wakalala humo humo, na mara moja lilikwama kwenye theluji wakachoma sanduku la ngoma ili wapate moto wa kuota.

Baba aliisimulia hadithi hii mara nyingi mno, na aliisimulia vizuri kama mtu aliyekuwa ndani ya lile basi. Hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanzia. Bendi ya baba ilifanyia mazoezi kwenye uwanja wa mashine ya kusaga, kwa sababu mwenye mashine alikuwa na injini ya dizeli ya kuwashia spika. Walingoja kina mama wenye ndoo za mahindi na muhogo mkavu wamalize kusaga, ndipo wanaingia. Unga ulikuwa umetanda kila mahali. Ulikaa kwenye nyuzi za gitaa, kwenye kope zao, kwenye nywele zao. Kwa hiyo niliposikia kwamba Wamarekani walikwama kwenye kitu cheupe kinachoanguka kutoka juu, mimi nilijua ni unga. Na basi nililijua pia: lilikuwa lori lililokwama masika njia ya Masasi baba akiwa ndani yake. Watu wa mtaani nao walikuwa wameanza kuwaita "Wamarekani" kwa sababu ya ile kaseti. Ungeniuliza wakati ule anayeimba ndani ya redio kaseti ni nani, ningekujibu bila kusita kwamba ni baba. Kilichonishinda kuelewa ni kimoja tu: anaingiaje mle wakati yuko hapa anakula?

Rege iliwapa taabu. Seremala alikuwa mtu wa ngoma za jando na harusi, mkono wake ulitaka kupiga pale pale mdundo wa kwanza unapoanza. Namkumbuka baba akisimamisha wimbo na kupangusa jasho.

"Fundi, ile ya kwanza unaiacha."

"Naiacha vipi?"

"Unaiacha tu. Unapiga ya katikati."

"Nikiiacha, nani ataishika?"

"Haishikwi na mtu. Ndiyo rege hiyo."

Seremala alitikisa kichwa, akarudia, akapiga ile ile ya kwanza, na baba mdogo akacheka mpaka akakaa chini. Ilichukua muda mrefu. Walirudisha kaseti nyuma kwa kuizungusha na kalamu, ili betri zisiishe, wakasikiliza kipande kile kile mpaka bibi naye aliyejipitia na maji akawa anakijua.

Bibi, mama yao, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Nyumbani alisema Kimwera, na herufi r haikumtoka kabisa. Rege aliita lege, na Wamarekani akawaita Malekani. Wimbo mmoja wa kwenye kaseti aliupenda kuliko nyingine kwa sababu pale kwenye kiitikio alisikia neno la Kimwera la kumkaribisha mtu chakula. Baba alimwambia hapana mama, hicho ni Kiingereza. Bibi akasema yeye anasikia anachosikia. Mwishowe baba akautungia wimbo ule maneno ya Kiswahili, na kiitikio akakiacha kwa Kimwera kama alivyotaka mama yake. Nyimbo zote walizifanyia hivyo, tuni ya Wamarekani, maneno ya kwetu: vumbi, mbaazi, msichana wa kijiji cha Mkotokuyana aliyekataa barua ya posa. Watu walijaa kwenye uwanja wa mashine Jumamosi, Waislamu na Wakristo, watoto juu ya ukuta, na wauza karanga wakapata riziki.

Wote wawili, baba na mdogo wake, walifuga rasta. Hilo halikuwapendeza wote. Msikitini walitazamwa kwa pembeni, na wapo walionong'ona mambo ya bangi, ingawa baba hata sigara hakuvuta. Bibi alikuwa akizipaka nywele zile mafuta ya nazi huku akilalamika kwamba amezaa mabinti.

Basi, asubuhi moja niliamka nikaenda jikoni kutafuta uji, nikakuta mwanamume mwenye kichwa kinachong'aa amekaa kwenye kigoda. Nilirudi mbio ndani. "Mama, kuna mgeni jikoni." Mama alikuwa amekaa kitandani, ameshika mto, na alikuwa amelia. Yule mgeni akaniita kwa sauti ya baba. Nikaanza kulia, kwa sababu sauti nilikuwa nimeshazoea kuisikia ikitoka kwenye kitu kisichokuwa baba, na sasa nikadhani redio imepata mwili.

Kilichotokea nilikuja kukielewa ukubwani. Chama kilipata mwenyekiti mpya, mtu wa mambo ya nidhamu, akamwambia baba achague kupima korosho au kufuga nywele. Baba alikuwa na mke, mama yake, na mimi. Akanyoa. Lakini siku ile hakuna aliyenieleza. Nilichoona ni baba mdogo akifika mlangoni, akisimama, akikitazama kile kichwa.

"Kaka, tulisema nini?"

"Tulisema mengi."

"Tulisema hatunyoi."

"Wewe huna mtoto," baba akasema.

Baba mdogo hakupiga kelele. Alimwamkia bibi, akachukua gitaa lililokuwa limetundikwa ukutani kwetu, akaondoka. Baada ya muda tukasikia yuko Namungo, upande wa Ruangwa, anachimba dhahabu. Kisimani nilisikia maelezo mengine: kwamba waligombea mwanamke, kwamba mmoja aliingiwa na pepo, kwamba walipata dhahabu wakaificha. Nikayaamini yote kwa zamu. Nyumbani hapakuulizwa kitu. Kaseti baba aliifunga kwenye kitambaa akaiweka juu ya kabati, na seremala akazigeuza ngoma zake kuwa viti vya kukalia wateja.

Miaka ikapita ya namna hiyo. Baba mdogo hakuja tena Nachingwea. Alimtumia bibi salamu na sukari kupitia wafanyabiashara wa ufuta, na bibi alipopokea ile sukari alikaa nayo mapajani kwanza kabla ya kuiweka mahali. Hakuwahi kuwalaumu mbele yangu. Alisema tu, sahani yake ikiwa mbele yake, kwamba chakula cha watoto wawili hakipikwi kwenye sufuria mbili.

Nilikuwa karibu kumaliza shule ya msingi siku redio iliposema. Ulikuwa wakati wa mavuno, na baba na mama walikuwa wamehamia shamba la Mkotokuyana kuvuna ufuta. Mimi nilibaki mjini na bibi kwa ajili ya shule. Jumapili ile mchana tulikuwa uani. Bibi alikuwa akipepeta mbaazi, nami natwanga kisamvu, redio iko dirishani na waya wake umefungwa kwenye kamba ya nguo ili ishike vizuri. Kilikuwa kipindi cha rege. Mtangazaji akasema, nakumbuka kama jana, kwamba bendi ya Wamarekani waliotangulia kupiga rege, iliyosambaratika miaka mingi iliyopita, imerudiana, na kwamba Jumamosi hiyo watapanda jukwaani pamoja huko... Hapo redio ikakoroma. Ilipokaa sawa walikuwa kwenye matangazo ya sabuni.

Niliuacha mchi ndani ya kinu. "Bibi! Wamarekani wamerudiana!"

Akaweka ungo chini. "Nani kasema?"

"Redio. Jumamosi wanapiga."

Akanitaka nirudie kwa Kimwera, neno kwa neno. Nikarudia. Akachukua upindo wa khanga akajifuta uso, akasema ni vumbi la mbaazi. Kisha akauliza watapigia wapi, nami nikasema redio imekoroma hapo. Bibi hakuhitaji kuambiwa. Mwanawe mdogo yuko Namungo, na Jumamosi Namungo kulikuwa na mpira mkubwa ambao mji wote uliuzungumzia. Watapigia wapi kwingine?

"Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita siku zote, "Jumamosi tunakwenda."

Jioni alipita kwa seremala. Alimkuta anapiga randa mlango, akamlaumu kwa upole kwamba jambo kubwa kama hili hakumwambia. Seremala hakuelewa. Bibi akamweleza: mmerudiana, mnapiga Jumamosi, redio nzima inajua. Niliona uso wa seremala ukibadilika. Aliitikia tu, "Ndiyo, mama," akatusindikiza mpaka barabarani. Nilidhani ana aibu. Kumbe alikuwa ameumia. Alidhani ndugu wawili wamepatana, wamepata mpiga ngoma mwingine, na yeye hawakumwona wa kumpa hata habari. Kesho yake alipanda baiskeli mpaka Mkotokuyana kumwuliza baba alimkosea nini. Na baba, ambaye hakuwa na habari ya chochote, akaelewa kitu kingine kabisa: kwamba mdogo wake anapiga Namungo kwa jina lao, tena ametangazwa redioni, bila yeye. Mama ndiye aliyenisimulia baadaye.

Sisi hatukuyajua hayo. Jumamosi alfajiri bibi alivaa khanga mpya, akabeba kuku wa kukaanga na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ya kwetu, kwenye kikapu, tukapata nafasi kwenye lori la mfanyabiashara lililokuwa linakwenda Ruangwa kuchukua ufuta. Tulikaa juu ya magunia matupu. Bibi hakuwa amefika Ruangwa tangu ujana wake, akawa ananionyesha milima na kuniambia majina yake. Vumbi lilitugeuza wekundu wote wawili.

Pale Ruangwa mjini tulishuka kuuliza njia. Bibi akamwendea kijana mmoja wa baiskeli, akamwuliza kwa Kiswahili chake, "Malekani wanapiga wapi?"

Kijana akashangaa. "Wamarekani? Wanampiga nani?"

"Wanangu."

"Wanawapiga wanao?"

Wakakusanyika watu. Mmoja akasema labda ni wale wazungu wanaopima madini, wana kambi huko ng'ambo, lakini hajasikia kwamba wanapiga watu. Mwingine akashauri twende polisi. Nikajaribu kueleza kwamba Wamarekani ni baba na baba mdogo, nikaona wananitazama kwa huruma, mtoto wa watu na bibi yake, jua limewaingia. Aliyetuokoa ni mama ntilie aliyetokea Nachingwea. Alicheka sana, akatupa maji, akatupakia kwenye pikapu ya washabiki iliyokuwa inakwenda Namungo mpirani.

Namungo tulimkuta baba mdogo kwenye kibanda karibu na mashimo, anafua shati. Mimi sikumtambua. Nilimpita. Bibi ndiye aliyesimama, akaita jina lake la utotoni, na mtu yule mwembamba, mwekundu kwa udongo, akageuka. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa.

"Mama! Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kuwasikiliza."

"Kina nani?"

"Ninyi. Si mnapiga leo?"

Alitutazama, akanitazama mimi. Nadhani alifikiri mama yake amezeeka akili imemtoka, maana alimshika mkono taratibu mno, akamketisha kivulini, akamwambia tule kwanza. Bibi akakataa. Alisema wanawe watakula pamoja, kaka mtu akifika. Baba mdogo akasema, "Mama, kaka haji." Bibi akasema, "Anakuja."

Na kweli alikuja. Mpira ulikuwa unakaribia kwisha, kelele zimejaa, nikaona baiskeli ya seremala inasukumwa kwenye umati, seremala upande huu na baba upande ule, wote wametapakaa vumbi. Baba alikuwa na hasira ambayo sijapata kuiona. Hakumwona bibi. Hakuniona mimi. Alimwendea mdogo wake moja kwa moja.

"Jina lile tulipewa pamoja," akasema. "Ungenipa hata habari."

"Jina gani, kaka?"

"Unapiga leo. Redio imesema."

"Redio gani? Mimi gitaa langu lina nyuzi tatu!"

"Usinifanye mtoto."

Seremala naye akadakia, "Na mimi je? Mmempata nani wa ngoma?"

Baba mdogo alisimama na shati lake mkononi. Nilimwona akitafuta mtu wa kumwelewesha, na mtu huyo akawa bibi, na bibi akaninyooshea mimi kidole, bila ubaya wowote. "Mke mwenzangu ndiye aliyesikia."

Wote wakanigeukia. Baba alishtuka kuniona, akashtuka zaidi kumwona mama yake. Baba mdogo akachutama mbele yangu. "Mwanangu, redio ilisemaje? Iseme kama ilivyosema."

Nikasema. Bendi ya Wamarekani waliotangulia kupiga rege. Iliyosambaratika miaka mingi iliyopita. Imerudiana. Katikati ya kusema nikaanza kusikia maneno yangu mwenyewe kwa namna nyingine, kama mtu anayesoma kibao upande wa nyuma.

Baba mdogo alifumba macho. "Kaka," akasema, "hao ni wale wa kwenye kaseti."

Hapakuwa na mtu aliyecheka. Baba alikaa chini, palepale kwenye udongo. Uwanjani watu wakashangilia bao. Halafu akasema neno ambalo sikulitarajia.

"Kwani waliachana?"

"Redio imesema waliachana."

"Sikujua." Baba alikuwa akitikisa kichwa. "Mimi miaka yote hii nilijua wapo wanapiga. Nilikuwa nasema, sisi tumeshindwa lakini wale wapo."

Baba mdogo akakaa naye. Wakawa wamekaa bega kwa bega, hawatazamani. Kisha baba akaona kichwa cha mwenzake, kama vile ndiyo kwanza kimefika machoni pake.

"Na wewe umenyoa?"

"Shimoni kuna joto, kaka. Mwezi wa kwanza tu nilinyoa."

"Mwezi wa kwanza!"

"Niliona aibu kukuambia."

Sijui nikueleze vipi kicheko cha baba. Kilianza kama kikohozi. Seremala akakipokea, kisha baba mdogo, wakacheka mpaka machozi, na mimi nikacheka bila kujua kinachochekesha, kwa sababu nilikuwa nimeshaona kwamba hakuna atakayenipiga.

Bibi alikuwa anangoja atafsiriwe. Baba akamweleza kwa Kimwera, taratibu, kwamba redio haikuwasema wao, iliwasema Wamarekani wa huko Amerika kwenyewe. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Hao nao wana mama yao," akasema. "Atakwenda kuwasikiliza. Wangu ni hawa. Pigeni."

Wakapiga. Mpira ulikuwa umekwisha, timu ya Namungo imeshinda, washangiliaji hawakutaka kwenda nyumbani. Seremala akaazima ngoma zao. Baba mdogo akaleta lile gitaa la nyuzi tatu. Spika haikuwapo, kwa hiyo baba aliimba kwa kifua chake tu, amesimama kwenye kona ya uwanja, jua la jioni liko nyuma yake. Seremala alisahau akapiga ile ya kwanza, na hakuna aliyemsahihisha. Wachimbaji walicheza na udongo wao mwilini. Walipofika kwenye ule wimbo wa bibi, alisimama, akaitikia kiitikio chake cha Kimwera kwa sauti ya kukwaruza, na umati uliokuwa haujui Kimwera ukaitikia naye. Kisha wanawe wakala kuku na ming'oko kwenye sinia moja, yeye akiwatazama, na hakugusa kitu.

Walipiga tena mara kadhaa baada ya hapo, kwenye harusi na kwenye uwanja wa mashine, lakini ilikuwa ni kupiga kwa watu wazima wenye shughuli. Vijana walishaanza kutaka muziki mwingine, wa Dar es Salaam, wa kusema haraka haraka. Bibi alifariki usingizini, mwaka ambao mvua zilikatika mapema. Baba alimfuata baada ya miaka si mingi, kwa kifua. Mashine ya kusaga iliuzwa, na ule uwanja sasa wanatengenezea pikipiki za bodaboda. Kaseti ilimezwa na redio, tukaikata kwa wembe, tukaitupa.

Nimewatafuta wale Wamarekani kwenye simu. Wapo. Picha zao zipo, weusi kwa weupe, mvi tupu, wamesimama pamoja wamekumbatiana siku waliporudiana. Nyimbo zao zote zipo, unagusa tu kwa kidole. Wa kwetu hawakurekodiwa na mtu yeyote, hata siku ile ya Namungo. Kwa hiyo nikitaka kumsikia baba, nafumba macho namngoja, na anayekuja ni yule wa Amerika, akiimba maneno ya baba kuhusu vumbi na mbaazi. Najaribu kuzitenganisha sauti hizo mbili na zinanishinda. Nilimpigia simu baba mdogo nikamwuliza kaka yake alikuwa na sauti ya namna gani. Akafikiri, akasema nyembamba, kama ya kijana. Nikamwuliza seremala, ambaye bado yuko hai, akasema nzito, ilikuwa inatikisa ngozi za ngoma. Mimi nilikaa mbele kabisa, chini, karibu na miguu yake, na sijui.